Kisanduku cha Ndiyo Mbili

Siku Swabra alipokiweka kile kisanduku juu ya rafu ya stoo ya msikiti, Muyinga, alisema maneno sita mbele ya kamati nzima: "Hakiwezi kulia mpaka wote wawili wakubali." Aliyasema kidevu juu, kwa sauti ya fundi anayeijua kazi yake. Laiti angekohoa tu akanyamaza. Maana maneno hayo sita yalikuja kusimama kama shahidi dhidi ya mtu aliyempenda, na Swabra mwenyewe kichwa kikamvurugika asijue amwamini nani, mzee au mashine.

Tuanze na ugomvi, kwa kuwa kisanduku ni mtoto wa ugomvi. Msikiti ule ni mdogo, wa wafanyabiashara na mafundi cherehani wa mtaani, na kila Ramadhani watu wake walivutana juu ya jambo moja: nani aseme jua limezama. Kulikuwa na Mzee Rachid, mwadhini wa miaka thelathini na minne, aliyekuwa akikaa kwenye baraza ya magharibi na kuliangalia jua mpaka ukingo wake wa mwisho upotelee nyuma ya kilima. Na kulikuwa na Faridi, katibu wa msikiti, muuza simu, mtu wa haraka, ambaye simu yake ilimwambia saa ya kufuturu mpaka sekunde. Faridi akisema tayari, mzee anasema bado. Nusu ya watu wana tende mdomoni na nusu wanawatazama kwa jicho baya. Kamati ikachoka. Ikaamua kuweka king'ora cha kusikika mtaa mzima, na king'ora hicho kilie pale tu mzee na Faridi watakapokubaliana. Wakubaliane kwa umeme, kwa kuwa kwa mdomo imeshindikana.

Aliyemtaja Swabra alikuwa Mzee Rachid mwenyewe.

"Mumuite Swabra, ule mtoto wa marehemu Sefu," alisema. "Mi ndiye nilimufundisha alifu na bee. Sasa anatengenezaka redio kule Gitega, kwa Murad. Ni mwanamuke, ndiyo. Na sisi wanaume wote tuko hapa, nani anajua kutengeneza?"

Hakuna aliyejua. Swabra akaitwa.

Alikuwa na miaka thelathini na moja. Elektroniki aliisoma kwa Kifaransa katika shule ya ufundi, akaielewa kwa Kiswahili, na mteja akiwa mkulima aliieleza kwa Kirundi. Meza yake ilikuwa nyuma ya duka la Murad, Mhindi wa Gitega ambaye hata babu yake alizaliwa hapohapo, mwagizaji wa paneli za sola, betri, redio na spea zake. Wateja wa Mutaho na Bugendana walioleta redio zao kwenye baiskeli walizoea kumpita Swabra wakimtafuta fundi, mpaka Murad awaambie kwamba fundi ndiye huyo waliyempita. Jambo hilo lilimkera, akalitibu kwa dawa moja: kutokosea. Na akishasema kitu hakirudishi.

Kisanduku chenyewe hakikuwa na maajabu. Moyo wake ulikuwa diodi mbili. Diodi ni kidude kidogo kuliko punje ya mchele, chenye mstari mmoja ubavuni. Ndani yake mna silikoni, ambayo si kama shaba inayopitisha umeme bila kuuliza, wala si kama mpira unaokataa moja kwa moja. Silikoni inapitisha kwa masharti. Diodi hupitisha umeme upande mmoja tu, kama valvu ya tyubu ya baiskeli: upepo unaingia, kutoka hautoki. Chukua diodi mbili na rezista moja, kile kidude cha kubana umeme, zipange sawasawa, unapata lango ambalo mwalimu wa Swabra aliliita lango la NA: jibu ni ndiyo ikiwa huyu amekubali na yule amekubali. Zigeuze diodi hizohizo na uhamishe rezista, unapata lango la AU: mmoja akikubali, yatosha. Kamati ilitaka NA. Swabra akatengeneza NA.

Faridi alipewa swichi palepale stoo, kando ya kisanduku. Mzee alipewa kitufe kwenye ncha ya waya mrefu, akishike mkononi kule barazani. Swabra alitaka kutoboa ukuta ili waya upite, Faridi akaruka. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya, kijani, wiki iliyotangulia! Basi waya ukapitishwa dirishani, watu wakashukuru, wakala pilau, Swabra akarudi Gitega.

Ramadhani ilianza na masika. Kwa siku kumi na sita king'ora kilikuwa kipenzi cha mtaa. Faridi alizoea kuwasha swichi yake mapema, dakika ishirini kabla, ili apate nafasi ya kupanga tende na uji, kwa kuwa alijua hakitalia mpaka mzee naye afinye. Mzee alikaa na kitufe chake, anaangalia jua, na ukingo ukipotea anafinya. Wote wawili wakawa wapole. Watu walisema hawajawahi kuona amani ya namna ile ikitoka kwenye betri.

Siku ya kumi na saba mvua ilinyesha ya kupiga mabati. Mbingu ilikuwa nyeusi. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano, king'ora kikalia. Watu wakasema bismillahi, tende midomoni, maji kooni, wengine wakiwa wamekwisha kuushambulia uji. Dakika kumi baadaye mawingu yakafunguka upande wa magharibi, na jua likachungulia, jekundu, zima, juu ya kilima, likiwatazama watu wenye midomo inayotafuna. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alitema uji uwanjani akaanza kulia. Funga ya siku ile imekwenda, na msikiti mzima utailipa baada ya Idi.

Faridi alimpigia Swabra usiku huohuo, na kesho yake asubuhi Swabra akapanda teksi ya Probox kupitia Karuzi. Alikuta jua kali, dirisha la stoo wazi, na kamati imekaa mkekani.

Alijaribu. Faridi peke yake: kimya. Mzee peke yake: kimya. Wote wawili: king'ora. Alirudia mara hamsini, mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna moto. Alipima betri, alipima rilei inayowasha king'ora, aligusa kila mahali alipochomelea risasi. Kila kitu kilikuwa kizima. Hapo Swabra alihisi raha ambayo baadaye aliionea haya, raha ya mtu aliyeponyoka, na akaigeukia kamati.

"Kisanduku ni kizima," alisema. "Hakiwezi kulia mpaka wote wawili wakubali."

Faridi akainua mikono. "Mi niliwasha mapema, sikatai, kila siku nawasha mapema. Na saa ile ilipolia, mi nilikuwa nafunga dirisha, mvua ilikuwa inaingia kwa mikeka. Bon. Kama imelia, na haiwezi kulia bila wawili, donc, basi, ule wa pili alifinya."

Hesabu ilikuwa safi. Swabra aliipima kichwani, hakuona tundu. Kisha akamtazama Mzee Rachid, na mzee alikuwa anamtazama yeye.

"Mi sikufinya," mzee akasema. "Nilisema bado. Nilipaza sauti, bado, bado! Mabati ilikuwa inalia, hakuna mutu alinisikia."

"Kidole chako kilikuwa wapi, mzee wetu?" Faridi akauliza, kwa upole kabisa, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko matusi.

"Kilikuwa juu ya kitufe. Kila siku kinakuwa pale."

"Ilikuwa baridi?"

"Baridi sana."

"Haukusinzia hata kidogo? Miaka sabini na sita, na funga, na mvua ile…"

"Nafikiri hapana," akajibu mzee. Akageuka kwa Swabra. "Mwanangu, we ndiye ulikitengeneza. We unasema nini?"

Swabra alitaka kusema jambo la kumfaa. Angelipata wapi, wakati majaribio hamsini yamesema vingine? "Babu, mashine iko sawa," akasema.

Wakampumzisha mzee kwa heshima zote. Neno lilikuwa hilo, kumpumzisha. Faridi akaachiwa swichi na kitufe vyote viwili, afuate simu yake, na Swabra akarudi Gitega na sifa.

Sifa hizo hazikumkaa. Alimjua Mzee Rachid tangu akiwa na miaka sita. Alikuwa mtu wa kurudi sokoni kuirudisha ndizi moja aliyozidishiwa. Mtu huyo anasema hakufinya. Lakini kisanduku nacho hakina ndugu wala adui, hakina sababu ya kusema uongo. Swabra alilichora lango lake kwenye karatasi, akalifuta, akalichora tena. Akiwa anapika alijikuta amesimama na mwiko, anahesabu. Kama mzee ni mkweli, mashine ina kosa. Kama mashine ni nzima, mzee ni mwongo, au amezeeka. Kila akiuvuta ukweli upande mmoja, upande wa pili ulibaki wazi, kama blanketi fupi.

"We wacha," Murad alimwambia alipomwona anaungua vidole kwa chuma cha kuchomelea. "Umejaribu mara hamsini. Mi nauza betri miaka yote, hakuna mutu anajaribu mara hamsini. Mzee amechoka, basi. Sisi wote tutachoka."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Murad alisema hivyo akaenda kula.

Wiki tatu baada ya Idi alikuja mteja, Gaudensia, mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa maharage kule Bugendana. Alikuwa amesikia habari za kisanduku, na ghala lao lina walinzi wawili wasioaminiana. Alitaka taa ya ruhusa ya kufungua ghala, iwake walinzi wote wawili wakifinya. Swabra alikubali bila furaha. Akapanga diodi zake mbili, rezista yake moja, akachomelea kitufe cha kwanza. Akaunga betri aone kama taa ya majaribio ni nzima, akakifinya kile kitufe kimoja.

Taa ikawaka.

Swabra aliangalia mezani. Kitufe cha pili kilikuwa bado kimo kwenye mfuko wake wa plastiki, hakijaguswa. Akaachia: taa ikazima. Akafinya: ikawaka. Akadhani amegeuza diodi, akatengeneza AU badala ya NA. Akaiangalia mistari yake, ilikuwa sawa. Akazitoa, akaweka nyingine mpya. Taa ikawaka vilevile. Alikaa chini, mikono mapajani, akahisi kama mtu aliyeambiwa kwamba moja na sifuri ni mbili.

Kisha akauliza swali ambalo hakuwahi kuuliza. Alikuwa akijua kila kidude kinafanya nini. Hakuwahi kujiuliza kidude kisipokuwepo inakuwaje. Akafuata umeme kwa kidole, polepole. Rezista ndiyo inayoleta ndiyo kutoka kwenye betri, na inaileta muda wote. Kila kitufe kikiwa hakijafinywa kinaivuta ile ndiyo kupitia diodi yake na kuimwaga chini. Ukikifinya, kinaacha kuimwaga. Ni ndoo iliyo chini ya bomba, yenye matundu mawili: yazibe yote mawili ndipo ijae. Kwa hiyo kisanduku hakikuwa kinangoja kuambiwa ndiyo. Kilikuwa kinangoja kuacha kuambiwa hapana. Na kitufe kisichokuwepo hakisemi hapana. Waya uliokatika hausemi hapana. Lango halina namna ya kumtofautisha aliyekubali na aliyezibwa mdomo.

"Yalla," alisema Swabra peke yake. "Babu!"

Murad alipoelezwa alikuna kichwa. "Mais, lakini umepima ule waya. Ulikuwa muzima."

"Ulikuwa muzima siku ile."

"Sasa ukienda kusema kisanduku kilikosea, na waya uko muzima, watasema nini? Watasema fundi naye amechanganyikiwa. Hakuna msikiti itakuita tena, hata kanisa."

Alisema kweli, na Swabra alimchukia kwa dakika moja nzima kwa sababu hiyo. Kesho yake akapanda gari la Muyinga.

Alifika saa nane, mbingu zimeanza kukunja uso. Aliupima waya kwa mita yake ya umeme kutoka mwisho hadi mwisho: mzima. Akaukunja, akauvuta: mzima. Akachanganyikiwa upya. Faridi, ambaye alikuwa anamfuata nyuma kwa subira ya kulazimishwa, alitazama saa.

"Tufanye hivi," Swabra akamwambia. "We washa swichi yako, ukae humo stoo. Mi nikae kwa mzee."

Akaenda barazani, akakaa kwenye kibao cha mzee, kitufe mkononi, kidole gumba juu yake. Akangoja asichokijua. Mvua ikaanza, matone mazito, kisha mabati yakalipuka kwa kelele. Upepo ukamtupia maji usoni. Baridi ikamshika vidole. Na hapo, bila taarifa, king'ora kikalia.

Swabra aliruka akasimama. Wazo la kwanza lililomjia, yeye aliyekuja Muyinga kuthibitisha kwamba hakuna aliyefinya, lilikuwa hili: nimefinya? Alitazama kidole chake. Kilikuwa juu ya kitufe. Hakukumbuka kukifinya. Lakini hakukumbuka kutokifinya pia, maana nani hukumbuka jambo ambalo hakulifanya? Alisimama pale, mtu mzima na mita yake shingoni, kwa muda asijue ukweli wa kidole chake mwenyewe.

Kisha akakimbilia stoo. Faridi alikuwa amesimama dirishani, ameshika komeo.

"Umefanya nini?"

"Mi? Hakuna. Nimefunga dirisha. Mvua inaingia."

Wakafungua dirisha: king'ora kimya. Wakafunga: kikalia. Waya ulikuwa umebanwa na ubao wa dirisha kila mvua iliponyesha jioni, na shaba ilikuwa imekatika ndani ya ganda lake. Dirisha likiwa wazi, ncha mbili zilikutana, waya ukawa mzima kwa kila mita duniani. Likifungwa, ziliachana. Faridi aliegemea ule ukuta wake wa kijani, akateleza taratibu mpaka akakaa sakafuni.

"Nilikuwa nafunga dirisha," alisema. "Niliwaambia watu wote. Nilisema, mi nilikuwa nafunga dirisha."

"Kosa ni langu," Swabra akasema. Lilimtoka kwa shida kama jino. "Lango ni langu. Ningelipanga namna ingine, waya ukikatika linyamaze. Mi ndiye nilisema haliwezi. Twende kwa mzee."

Faridi alitikisa kichwa. "Hujasikia? Mzee alikiri."

"Alikiri nini?"

"Kwamba alifinya. Ijumaa ya mwisho ya mfungo alisimama mwenyewe, hakuna mutu alimulazimisha. Alituomba radhi. Alilia, nasi tulilia. Sasa yuko Mwakiro kwa binti yake, anafunga kila siku. Anasema atafunga siku moja kwa kila nyumba aliyoiharibia."

Swabra hakuelewa. Alimfanya Faridi arudie mara mbili, na mara ya pili alielewa kidogo kuliko ya kwanza. Mtu anakirije kosa ambalo halikufanyika? Njia nzima ya Mwakiro, nyuma ya pikipiki, matope mpaka magotini, alilipindua swali hilo, na kila alipodhani amelishika liliteleza.

Mzee Rachid alikuwa amekaa juu ya gunia tupu, ukumbini, anachambua maharage. Alikuwa amekonda, kola ya shati imebaki kubwa. Alifurahi kumwona, akaita aletewe chai, akaomba radhi kwamba yeye hatakunywa.

Swabra hakunywa pia. Alitoa mfukoni betri, diodi mbili, rezista, vitufe viwili na taa ndogo, akazipanga juu ya ungo, katikati ya maharage. Akamweleza, taratibu, ndoo na matundu yake. Akamfanya afinye, aachie. Kisha akafinya kitufe cha pili, akachomoa waya wa kile cha mzee, na taa ikawaka, na kitufe cha mzee hakijaguswa. Akamweleza dirisha. Mzee alisikiliza kwa umakini, kama mwanafunzi.

"Kumbe," akasema. "Mashine ikinikosa, inasema nimekubali."

"Ego, ndiyo, babu."

"Na siku ile ilinikosa."

"Ilikukosa. Haukufinya, babu. Ulisema kweli tangu mwanzo, na mi ndiye nilikuangusha. Nisamehe." Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. "Twende Ijumaa. Nitasema mbele ya watu wote. Nawe useme tena ulivyosema: mi sikufinya."

Mzee aliokota harage moja bovu, akalitupa pembeni. Aliliangalia lilipoangukia.

"Hiyo sitaweza kusema," akajibu.

"Juu ya nini?"

"Juu nakumbuka nilifinya." Alinyoosha kidole gumba chake, akakitazama. "Mwanzoni sikuwa nakumbuka. Nikaulizwa. Usiku nikajiuliza mwenyewe: Rachid, kidole kilikuwa wapi? Kilikuwa baridi? Nikajiuliza siku ya pili, siku ya tatu. Halafu ikanijia. Kitufe kilikuwa na maji juu yake. Kikaingia ndani kidogo, hivi. Halafu ikalia. Naiona kama nakuona we."

"Babu, haikukuwa. Dirisha…"

"Nimekusikia. Dirisha naliamini. Lakini mi sijawahi kusema mbele ya Mungu kitu nisichokumbuka, na kufinya nakumbuka." Akamtazama kwa macho ya kuomba, yeye aliyemfundisha kusoma. "We uko fundi. Hakuna namna ya kuitoa?"

Swabra alijua kutoa diodi, kutoa rezista, kutoa risasi kwa chuma cha moto bila kuacha alama. Alisema ukweli: hapana, hajui.

Ijumaa ile alisimama uwanjani mwa msikiti baada ya swala, watu wamemzunguka, dirisha likafunguliwa na kufungwa mbele yao mpaka kila mtu akaridhika. Yeye aliyekuwa harudishi maneno yake aliyarudisha yote sita, moja moja, na hakufa. Faridi aliomba radhi kwa sauti iliyokatika. Wanawake walipiga vigelegele. Wazee wa kamati wakamshika Mzee Rachid mikono yote miwili, wakamsogeza mbele, wakamwambia amesafishwa, arudi barazani kwake, ila kwanza aseme mwenyewe, watu wamsikie: je, alifinya?

Mzee aliangalia kidole chake, akaangalia watu, akamtafuta Swabra katikati yao mpaka akampata.

"Swabra anasema sikufinya," akasema, na akaenda kukaa.